Mkono wa Fundi Mbaruku

Mkono ulikuwa na dole gumba lisilo na ukucha. Semeni Mkude aligundua jambo hilo asubuhi ya Jumanne, baada ya kuupanua ule mkono mpaka ukajaza kioo kizima cha meza yake ya kazi, na kuanzia hapo kazi ikamshinda. Mkono wa hivihivi unaweza kuufuta huku unatafuna karanga. Mkono uliowahi kuumia ni wa mtu fulani, na Semeni hakuwa amejiandaa kukutana na mtu.

Alikuwa fundi wa muhuri katika Studio ya Marudio, Morogoro, jengo la vioo lililoipa mgongo milima ya Uluguru utadhani milima imelikosea. Kazi ya studio ilikuwa kuchukua filamu za kale za safari za angani, zile zilizopigwa kwa mabati, gundi na moyo, na kuzitoa upya zikiwa safi. Semeni alikwisha kutoa tisa. Ya kumi ilikuwa *Wageni wa Kilimia*, yenye umri wa miaka sitini na minane, na kila aliyezaliwa kabla ya kumbi za sinema kufungwa aliijua kwa moyo.

Dakika ya arobaini na moja chombo kinatua katika sayari ngeni. Mlango unafunguka, Nahodha Nyamizi anasimama juu ya ngazi, vumbi linapepea, naye anatazama kando kwa macho ambayo wahakiki wameyaandikia kurasa na kurasa. Halafu anatabasamu kidogo, anashuka. Na pembeni kabisa, kushoto, katika sayari ambayo haijawahi kukanyagwa na binadamu, mkono wa mtu unachungulia. Unakaa fremu mia mbili na arobaini, yaani sekunde kumi, kisha unatoweka.

Watazamaji wa zamani hawakuucheka. Waliusalimia. Mkono ukitokea tu, ukumbi mzima ulisema kwa pamoja, "Shikamoo, fundi," na mwendesha mashine ya sinema, kule juu kwenye kichumba chake, alilazimika kuitikia "Marahaba" kupitia kidirisha. Asipoitikia, walimpigia mbinja mpaka arudishe mkanda nyuma. Hakuna aliyejua nani aliuanzisha mchezo huo. Wakubwa waliusalimia kwa adabu zote, na watoto waliamini kwamba Nyamizi hashuki ngazi mpaka marahaba isikike. Semeni naye aliamini hivyo mpaka alipofika darasa la nne, na alimbishia mwalimu.

"Bado mkono upo," alisema Dokta Kokusima, mkurugenzi wa studio, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Semeni. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole ambayo hukuweza kuigombeza, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake kubwa.

"Upo, Dokta."

"Siku ya muhuri ni Jumamosi, mdogo wangu."

"Nafahamu. Nilikuwa naufikiria tu. Watu walikuwa wanausalimia."

"Mara ya mwisho lini umesikia mtu akiusalimia?"

Jibu lilikuwa miaka ishirini na kitu. Kumbi zilikwisha kufa, siku hizi kila mtu anaangalia filamu peke yake, nyumbani, miwani usoni, na mtu aliye peke yake hausalimii mkono.

Dokta Kokusima akavuta kiti, akakaa. "Nikwambie kitu. Mwanangu ana miaka kumi na saba. Nilimwonyesha *Wageni wa Kilimia*. Alipoona kamba zinazoning'iniza chombo akacheka. Alipoona mkono akazima. Akaniambia, mama, hawa watu walikuwa wanatania. Na hawakuwa wanatania, Semeni. Walikuwa na njaa na kamera moja ya kuazima, wakataka kwenda nyotani. Mimi nataka mwanangu aone walichotaka kufanya. Hiyo ni dhambi?"

Haikuwa dhambi. Ndiyo maana Semeni alikuwa ametoa filamu tisa bila kubisha.

"Na kuna jambo jema," Dokta akaongeza. "Bibi Sikudhani Luhende yu hai. Nyamizi mwenyewe, miaka tisini na miwili, yuko Kilakala hapo. Nenda kamwonyeshe toleo jipya, aweke sahihi ya ushahidi. Akikubali yeye, nani atapinga?"

*

Mtambo wa studio uliitwa Kurunzi. Fundi aliuonyesha filamu, akagusa kwa kidole palipo na kasoro, nao ukaweka pale kile ambacho kingekuwepo kama kasoro isingekuwepo. Watu wengi walidhani unafuta tu, kama mtu anayefuta ubao. Kurunzi haikuwa hivyo. Ukiondoa mkono, iliondoa na kivuli cha mkono. Ukiondoa kivuli, ilitafuta vitu vyote vilivyoutegemea ule mkono, ikavinyoosha, mpaka picha nzima ikawa haina swali lolote. Orodha ya vilivyonyooshwa ilikuwepo, kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, na mafundi hawakuwa na mazoea ya kuifungua.

Kazi ikishakamilika, ilikuja siku ya muhuri. Fundi aliweka kiganja chake juu ya meza ya muhuri mbele ya msajili wa serikali, akaapa kwamba hii ndiyo kazi kama walivyoikusudia walioitengeneza. Kuanzia hapo filamu hiyo ilikuwa na Toleo Moja. Hakukuwa na chombo chochote cha kuonyeshea, iwe miwani, kioo cha ukutani au kile kikadi unachokificha kabatini chini ya kanga, kilichoweza kufungua filamu bila kwanza kuuliza toleo lililogongwa muhuri ni lipi na kujisahihisha. Nakala ya zamani haikufutwa kwa kelele. Ilikuwa ipo, halafu ikawa nyingine. Na muhuri ukigongwa, hata rais hakuweza kuugusa kwa miaka hamsini. Studio zenyewe ndizo zilizoiombea sheria hiyo bungeni, zikiwa zimechoshwa na kesi za watu wanaopenda mikwaruzo.

Semeni alikuwa na sababu yake ya kuichukia sheria hiyo, na hakuwahi kumweleza mtu.

Katika filamu ya sita aliyoitoa kulikuwa na mbwa. Mbwa wa kahawia, koko kabisa, aliyekatiza ndani ya chombo cha angani wakati marubani wanajadili namna ya kukwepa kimondo, akanusa kiatu cha mmoja wao, akaondoka zake. Mama yake Semeni aliipenda filamu ile kwa sababu ya mbwa huyo tu. Kila walipoiangalia alimshika Semeni mkono na kusema, "Subiri, mbwa anakuja." Semeni alimfuta kwa dakika kumi na moja, akaapa, akaweka kiganja. Mwezi uliofuata alikwenda kumtembelea mama, wakaiangalia, mama akasema subiri, mbwa anakuja, na mbwa hakuja.

"Semeni," mama akamwuliza, "kwani hapakuwa na mbwa hapa?"

Kiapo cha studio kilikataza fundi kutaja kilichoondolewa. Lakini kiapo kilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba aliona aibu. "Mbwa gani, mama?" alisema.

Mama hakuuliza tena. Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kujihoji. Akipika aliuliza kama ameshatia chumvi. Akisimulia habari ya harusi yake alisimama katikati na kusema, au labda nimeota. Alifariki mwaka uliofuata akiamini kichwa chake kimemkimbia, na bintiye, aliyejua mbwa yuko wapi, alimwosha, akamvika sanda na akanyamaza. Hilo Semeni hakujisamehe, na hakuona kwa nini ajisamehe.

*

Bibi Sikudhani alimpokea barazani, akiwa amejifunga kanga mbili na kuvaa viatu vya mpira vya kukimbilia, vyeupe pee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa studio? Kaa hapo. Usikae hapo, pana maji. Kaa hapa."

Semeni akaeleza shida yake, na kabla hajafika katikati bibi alikuwa ameshanyoosha mkono kutaka kalamu ya sahihi.

"Bibi, hujaiona bado."

"Mmeufuta mkono?"

"Tumeufuta."

"Basi lete niweke sahihi. Mwanangu, unajua maisha niliyoishi mimi? Nimeigiza filamu ile nina miaka ishirini na minne. Nikajifunza kutembea kama askari, nikanyoa nywele, baba yangu akakataa kula na mimi meza moja. Naenda sokoni, mtu ananikazia macho, anafurahi, nami nasimama vizuri nangoja aniite Nahodha. Anasema, 'Bibi, samahani, ule mkono ulikuwa wa nani?'" Akapiga meza kidogo kwa kiganja. "Miaka sitini na minane nashindana na mkono. Futa. Futa na kucha zake."

"Hauna ukucha mmoja," Semeni akasema.

Bibi akamwangalia, kalamu ikiwa hewani. "Umeona hilo?"

"Jana."

Bibi Sikudhani akaishusha kalamu. Akaweka sahihi upesi, kama mtu anayemeza dawa, akasema haya, nionyeshe hiyo filamu yenu.

Semeni akasimamisha kioo cha kukunja juu ya meza na kumwonyesha dakika ya arobaini na moja. Chombo kilitua bila kamba wala tetemeko, kikubwa, cha fedha, na bibi akaguna kwa kuridhika. Mlango ukafunguka. Nahodha Nyamizi akasimama juu ya ngazi, akatazama moja kwa moja mbele yake, akatabasamu, akashuka.

"Rudisha."

Semeni akarudisha. Bibi akaangalia tena, akiwa ameinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Rudisha tena. Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Si mimi. Mimi sikutazama mbele. Mbele kulikuwa na shimo."

Halafu akasimulia, kwa hasira inayozidi kupanda, na Semeni akasahau kuwa amekuja kikazi. Ile sayari ilikuwa machimbo ya kokoto nje ya mji. Mlango wa chombo ulikuwa debe lililotundikwa juu ya jabali, na mbele ya ngazi, hatua nne tu, palikuwa na shimo la kina cha nyumba ya ghorofa tatu. Kwa ajili ya upepo walikuwa wamekodi injini ya mashine ya kusaga, na mwenye mashine, fundi Mbaruku wa Kichangani, alikuja nayo aiendeshe mwenyewe maana hakumwamini mtu. Injini ikaunguruma, vumbi likatimka, na marehemu Gaudensi Mapunda, mwongozaji wao, akawa anapiga kelele kwenye bomba la bati ambazo hakuna aliyezisikia.

"Nimesimama juu ya ngazi inayocheza. Sioni, sisikii. Nikajisemea, hapa sishuki, filamu na ife. Na mkanda uliobaki kwenye kamera ulikuwa wa dakika mbili, basi, nchi nzima haukuwepo mwingine. Ndipo nikamwona fundi Mbaruku ameacha injini yake. Amekuja chini ya jabali, mkono mmoja ameshika ngazi, mwingine ameuinua. Hivi." Bibi akainua kiganja chake chenye mikunjo. "Maana yake, subiri. Vumbi likapungua. Akakunja vidole mara mbili. Maana yake, sasa njoo. Mtu ambaye nilikuwa sijamsalimia tangu asubuhi. Dole gumba lake lilikuwa halina ukucha, mkanda wa mashine ulikuwa umeula. Nikalitazama lile dole, nikasema kama huyu ameshika ngazi, nashuka."

Akashusha kiganja. Kuku mmoja alikuwa amepanda barazani na hakuna aliyemfukuza.

"Watu wamenisifia yale macho maisha yangu yote," bibi akasema. "Eti nilikuwa naona nyota mpya. Nilikuwa namwona msaga unga, na nilikuwa namshukuru."

Semeni akafungua ukurasa wa mwisho wa kazi ya Kurunzi, ule wasioufungua. Orodha ilikuwa fupi. Kasoro ya kwanza, mkono. Zilizoitegemea: kivuli cha mkono, macho ya mwigizaji, shingo ya mwigizaji, pumzi, muda wa kusita kabla ya hatua, tabasamu, limesogezwa. Akamsomea bibi yote bila kuruka hata moja. Alikuwa anavunja kiapo cha kazi.

"Kwa hiyo mlimfuta yeye," bibi akasema polepole, "mkanifuta na mimi."

"Mtambo hauwezi kuacha mtu anatazama pasipo na kitu."

"Na jina lake? Limo mwishoni mwa filamu?"

"Halimo. Nimetafuta."

"Alikodiwa kwa siku moja. Mapunda aliandika majina ya waliokuwa na mikataba." Bibi akaitazama kalamu. "Nirudishie sahihi yangu."

"Nikiirudisha, sheria inasema studio itaapa bila shahidi. Jumamosi iko palepale." Semeni akasita. Kulikuwa na swali alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi, na sasa halikukwepeka. "Bibi, niambie kweli. Mwongozaji aliukusudia ule mkono?"

"Mapunda? Alipouona kwenye mkanda uliosafishwa alilia kama mtoto. Sote tulilia. Angeweza kuufuta siku ile, angeufuta."

"Basi nikiapa kuwa walikusudia mkono, nitakuwa nimeapa uongo."

"Na ukiapa kuwa tulikusudia hii?" Bibi akaelekeza kidevu kwenye kioo, ambapo mwanamke mrembo wa miaka ishirini na minne alikuwa amegandishwa akitazama mbele kama anayengoja basi. "Mwanangu, tulikusudia mengi. Tulikusudia kwenda nyotani. Tukafika machimboni. Filamu ni ya huko tulikofika."

Semeni akakunja kioo chake. Alipofika getini akageuka. "Bibi, Jumamosi utakuja?"

"Nikiwa hai. Na nikiwa nimekufa, nibebeni."

*

Jumamosi, saa tisa alasiri, walikusanyika katika Ukumbi wa Nguzo, jumba la sinema la mwisho mjini, ambalo lilifunguliwa kwa sherehe kama hizi tu na muda mwingine lilitunza viti vya plastiki vya manispaa. Watu wapatao mia tatu walikaa chini. Semeni alikuwa juu, katika kile kichumba cha mwendesha mashine chenye kidirisha, maana ndimo meza ya muhuri ilimowekwa kwa heshima ya zamani. Msajili, mwanamume mwembamba aliyesoma kila kitu kutoka kwenye karatasi, hata jina lake, alisimama kando ya meza. Dokta Kokusima alikaa ukumbini, safu ya mbele, na jirani yake alikaa Bibi Sikudhani na viatu vyake vyeupe.

Kwenye meza kulikuwa na kazi mbili za Semeni. Moja ilikuwa ile iliyokamilika, yenye chombo cha fedha. Nyingine ilikuwa hatua ya kwanza ya kila kazi, nakala iliyopanguswa tu vumbi, mikwaruzo na ukungu, bila kingine kuguswa. Aliipangusa upya siku tatu mfululizo kwa mkono wake, bila Kurunzi, fremu baada ya fremu, na hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Meza ya muhuri haikuuliza ipi ni ipi. Ilijua kiganja.

"Shahidi," msajili akasema kwa kipaza sauti, "je, hii ni kazi yenu?"

Chini, Bibi Sikudhani akasimama. Ilimchukua muda, na ukumbi ukamngoja. "Huyo binti wa huko juu anaijua kazi yetu," akasema. "Atakayoiweka yeye, ndiyo."

Dokta Kokusima akampigia makofi. Msajili akamgeukia Semeni na karatasi ya kiapo.

Semeni alikuwa amefikiria sana alichokuwa anakitupa. Leseni ya ufundi wa muhuri ikichukuliwa hairudi. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na hakujua kazi nyingine. Aliogopa, na hakujidanganya kuwa haogopi. Lakini alipoweka kiganja juu ya meza, juu ya nakala ya vumbi, alimwona mama yake akimshika mkono na kumwambia asubiri, na hofu ikawa jambo la pembeni.

"Naapa," akasema, "kwamba hii ndiyo kazi kama walivyoitengeneza walioitengeneza, waliotajwa na asiyetajwa."

Msajili akaitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena karatasi. "Hapa imeandikwa *walivyoikusudia*."

"Nimeona."

Meza ikatoa mlio mmoja mfupi. Katika nyumba zote, katika miwani na makabati yote, *Wageni wa Kilimia* ikajisahihisha kwa miaka hamsini. Taa zikazimwa.

Dokta Kokusima aligundua dakika ya tatu, kamba zilipoonekana. Semeni alimwona kutoka kidirishani akikaza shingo, kisha akiinuka na kutembea bila haraka, kwa sababu hakuwa mtu wa kukimbia mbele za watu. Ngazi za kichumba zilikuwa ndefu. Alipoingia alikuwa anahema.

"Umekosea faili," alisema. Ilikuwa sauti ileile ya upole, na ilikuwa inamwomba aseme ndiyo.

"Sikukosea, Dokta."

"Unajua umefanya nini? Hawataiangalia. Wataicheka wiki moja, halafu itakufa, safari hii moja kwa moja. Nilitaka kuiokoa."

"Najua ulitaka kuiokoa. Ulitaka kuiokoa kwa kutoa watu. Toa huyu, toa aliyemtazama, mpaka ibaki safi haina mtu." Semeni alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Mimi nilimtoa mbwa, Dokta. Mama yangu alimngoja mpaka akafa. Sitoi tena."

"Mbwa gani?" Dokta Kokusima akauliza.

Semeni aligeuka kutoka kidirishani. Alimtazama tu, na Dokta, ambaye hakuwa mjinga wala katili, akakumbuka, akashusha macho. Kisha akanyoosha mkono. Semeni akabandua leseni kifuani, kile kibati chenye picha yake ya miaka kumi na mitano nyuma, akampa. Msajili akaandika saa.

Hakuna aliyeondoka. Wakabaki wote watatu wamesimama katika kichumba, kwa sababu filamu ilikuwa inaendelea na hakukuwa na la kufanya. Chini watu walizicheka kamba, kama Dokta alivyosema. Wakacheka tena pale kofia ya rubani ilipoonekana wazi kuwa ni sufuria. Dokta akamtazama Semeni kwa macho ya nilikwambia. Semeni akashika kingo za kidirisha. Inawezekana alikuwa amekosea kweli, akawaza, na inawezekana watacheka mpaka mwisho. Basi na wacheke, watakuwa wanacheka watu waliokuwepo.

Dakika ya arobaini na moja chombo cha mabati kikatua kikitetemeka. Mlango ukafunguka. Vumbi likatimka, na Nahodha Nyamizi akasimama juu ya ngazi, mwembamba, kichwa kimenyolewa, anaogopa. Hofu yenyewe ilionekana sasa, kwa aliyejua. Pembeni kushoto mkono ukachungulia, ukainua kiganja. Kicheko kikaanza mahali fulani nyuma.

Katika safu ya mbele mtu alikuwa anajitahidi kusimama. Alisimama wima, viatu vyeupe vikaonekana hata gizani, na sauti ya miaka tisini na miwili ikasema, polepole, kwa adabu zote:

"Shikamoo, fundi."

Kicheko kikakatika. Wazee wakageuza vichwa juu, kwenye kidirisha, na ukumbi mzima ukawafuata, kwa sababu hata wasioujua mchezo walijua kwamba salamu inangoja jibu. Na Semeni akapigwa na bumbuwazi. Mtu mzima vile, umri wa bibi yake, hampi yeye shikamoo. Na hata akimpa, haipokelewi, unaanguka chini unaomba radhi. Ndivyo alivyolelewa. Lakini aliyesalimiwa hakuwa na mdomo wa kuitikia, alikuwa na mkono tu, na jina lake halikuandikwa popote, na kwa miaka yote ile wa kumjibia alikuwa ni mtu wa kichumba hiki.

Vidole vya fundi Mbaruku vikajikunja mara mbili.

"Marahaba," Semeni akasema, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma.

Nahodha Nyamizi akatabasamu kidogo, akashuka ngazi.